Mizani ya Hajati na Mayai ya Nambozo

Jumatatu, 2 Machi 1987

Daftari jipya. Jalada limeliwa kidogo na panya, lakini kurasa ziko salama. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Katika chuo hiki cha ualimu hapa Jinja watu wanasoma Kiingereza, Kiganda na Kisoga, na wote ni wadadisi. Kiswahili wanakiogopa. Wanasema ni lugha ya vizuizi vya barabarani. Hakuna atakayelifungua daftari hili kwa hiari yake. Mimi nilikipata Kisumu nilipokimbilia wakati wa vita, na sina ugomvi nacho.

Jambo kubwa la leo: mkuu wa chuo, Bwana Kirunda, ameniita. Amenikumbusha kwamba mimi, Mugweri, mtunza stoo ya michezo, niko kazini kwa majaribio tu hadi mwisho wa muhula. Amesema stoo ina mipira mitatu, miwili haina upepo, kwa hiyo haoni mtunzaji anatunza nini. Akauliza kama nina faida nyingine.

Ninayo! Nikamwambia papo hapo kwamba nilisomea lishe Kisumu. Nitawashauri wanafunzi namna ya kula, kila jioni, uwanjani, kupitia ofisi ya michezo. Nianze na wasichana wa netiboli, ambao tarehe 21 wanakwenda kucheza Mbale. Vita vimewaacha mifupa mitupu. Nitawajaza! Bwana Kirunda akatazama dirishani kwa muda mrefu. Akakubali. Nikifaulu, nitathibitishwa kazini.

(Ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma: Kisumu nilikuwa naosha sahani katika bweni la chuo. Miaka mitatu. Lakini niliona watu wanakula nini na wanaacha nini. Hiyo nayo ni elimu.)

Jumatano, 4 Machi

Somo la kwanza. Nimetangaza kwamba hakuna atakayepewa mpira kabla ya kusikiliza ushauri. Wamekuja wote kumi. Nikataka kuanza kwa heshima. Nikapaza sauti: "Simameni kwa mstari!"

Kosa. Msichana mmoja alilala kifudifudi papo hapo, mikono juu ya kichwa. Wengine wawili wakaganda. Kapteni wao, Akoth, mtu wa Tororo, alinijia taratibu akaniambia kwamba kwa Kiswahili hicho na sauti hiyo watu walitolewa majumbani mwao, na kwamba kama nina neno la chakula niliseme kwa upole, tena kwa Kiingereza.

Niliona aibu. Naiandika kama ilivyo. Kisumu maneno hayo hayo niliambiwa kila siku kwenye foleni ya chai.

Aliyelala chini ni Nambozo, anayecheza katikati, anayekimbia kuliko wote. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaomba radhi yeye! Nikatoa somo kuhusu protini kwa Kiingereza changu. Limekuwa fupi.

Ijumaa, 6 Machi

Mshauri bila mizani ni mpiga domo. Nimekwenda Bugembe kwa Hajati Hadijah, mfanyabiashara wa kahawa na mahindi. Mama mkarimu. Ana mizani mbili za kuning'iniza. Akanipa ile ya mlangoni, ya kununulia kahawa ya wakulima, akanionya nisiichanganye na ile ya ndani, ya kuuzia. Kila moja na kazi yake, alisema. Mtu nadhifu sana! Aliniita mwalimu. Sikumsahihisha.

Nimeitundika kwenye goli. Chini yake gunia. Msichana anaingia kwenye gunia, ananing'inia, nasoma. Walicheka mpaka machozi, hata Nambozo. Sijapata kusikia kicheko cha namna ile hapa tangu nije. Akoth kilo 53. Nambozo 47. Mimi mwenyewe nikaingia: 56. Nilidhani ni zaidi.

Aliyeharibu furaha ni Romano, mpishi. Mtu wa kaskazini, zamani alikuwa mpishi wa gereza, jikoni kwake haingii hata mkuu bila kubisha. Alisimama na mwiko wake akiangalia. Kisha akasema, mbele ya watu: "Bwana, mutu hapana kahawa." Akamshika Nambozo mkono, akazungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo. Vidole vikapitana. Akasema hiyo ndiyo mizani yake, alipima nayo watu miaka kumi, na haikumdanganya.

Wivu. Nimeuona waziwazi.

Jumatatu, 9 Machi

Mpango mkuu umeanza! Wasichana kumi hawatakula tena posho ya jioni, yaani ugali. Posho ni uzito tu wa tumboni. Unga wao unakwenda Bugembe kwa Hajati, na Hajati anatoa mayai. Kila msichana yai moja kila jioni. Bwana Kirunda amependa sana, maana gunia jikoni litadumu. Romano hakupenda. Alisema yai moja ni mdomo mmoja. Nikamwambia sayansi haihesabu midomo.

Sheria moja tu: atakayekataa mpango hapandi lori la Mbale.

Hapo nilimwona Nambozo akibadilika uso. Akoth alinieleza baadaye. Nambozo ni mtu wa milimani huko Mbale. Hajamwona mamake tangu Julai 1985, serikali ilipopinduliwa na barabara zikafungwa. Barua mbili alizotuma hazikujibiwa. Nauli hana. Lori la netiboli ndiyo njia yake pekee ya kwenda kuona kama mama yupo. Kwa hiyo Nambozo hatakataa kitu. Nimefurahi: mtu mwenye nia kama hiyo ndiye wa kufanyia sayansi.

Aliomba jambo moja tu, yai lake apewe bichi, atachemsha mwenyewe bwenini. Nikaruhusu.

Alhamisi, 12 Machi

Akoth amekuja stooni na mashaka. Anasema nyumbani kwa wengi wao, kwa Wagisu, kwa Wasoga na hata kwao, mwanamke alikuwa hali mayai wala kuku. Kuku anamfuga, anamchinjisha kwa ajili ya mgeni, yeye hamgusi. Siku hizi wa mjini wanakula, lakini walio na bibi nyumbani hawawezi hata kunusa. Wanatapika.

Nikamwambia tuko mwaka 1987! Vita vimekwisha, tunajenga upya, hatuwezi kujenga kwa mambo ya bibi. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nikawauliza wenyewe uwanjani mmoja mmoja kama wanapenda yai. Wote walisema ni tamu sana. Nambozo alilisifu kuliko wote. Basi.

Mazoezi yalikuwa mafupi. Nambozo alikaa chini mara mbili. Jua kali.

Mkanda wangu umelegea. Ngozi za siku hizi hazina nguvu. Nimetoboa tundu jipya kwa msumari.

Jumapili, 15 Machi

Nimegundua hujuma!

Nilikuwa napita nyuma ya jikoni baada ya chakula cha mchana. (Nilikuwa nachunguza harufu. Ni sehemu ya kazi.) Nani nimemwona kwenye mlango wa nyuma? Nambozo, amechutama, anakula ukoko wa posho kutoka kwenye jani la mgomba. Ukoko! Kile kinachobaki chini ya sufuria, kigumu, kimeungua. Juu yake maharage. Na Romano amesimama mlangoni akimkinga kwa mwili wake, anaimba wimbo wa kanisani.

Sasa naelewa kwa nini alinipinga. Anaharibu matokeo yangu. Anachanganya posho na sayansi ili nikishindwa aseme nimeshindwa.

Nimemwandikia Bwana Kirunda barua ya kurasa mbili. Barua nzuri. Nimetumia neno "utaratibu" mara tisa.

Jumanne, 17 Machi

Siku mbaya.

Bwana Kirunda ameisoma barua na kuichukua kwa uzito. Nilitaka amkemee Romano. Badala yake amesema sheria ni sheria, mchezaji amekula nje ya mpango, basi ameondolewa kwenye timu. Nambozo hapandi lori.

Niliitwa nishuhudie. Nambozo hakulia. Alivua kitambaa cha kifuani chenye herufi ya nafasi yake, akakikunja mara nne, akakiweka mezani. Akamwambia mkuu ahsante. Barua yangu ilikuwa pale pale mezani, kurasa mbili.

Jioni matroni, Mama Janepher, aliingia stooni kwangu na sanduku la bati. Alikuwa amefanya ukaguzi bwenini. Alilifungua. Ndani, maganda makavu ya kahawa, na katikati ya maganda mayai manane. Kila yai lina tarehe yake kwa penseli. 9 Machi, 10 Machi, mpaka jana.

Hakula hata moja. Alikuwa akimwekea mamake, ili asirudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka miwili. Mama Janepher aliuliza kama mimi nilikuwa sijui. Akauliza anavyouliza mtu mkubwa anayejua jibu. Mayai alimrudishia Nambozo yote.

Nimekaa peke yangu na mipira mitatu. Nilipotoroka kwenda Kisumu, mama yangu pale Walukuba alinifungia ndizi tano za kuchemsha. Aliniambia ameshakula. Nilizila zote kabla ya kufika mpakani. Sikumkuta tena niliporudi. Mpaka leo sijui kama kweli alikuwa amekula.

Romano naye alikuja. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugombana. Alinishika mkono wangu wa kulia, akazungusha vidole vyake kwenye kifundo changu. Vikapitana. Akaniangalia sana. Akasema tu: "Na wewe pia, bwana." Akaondoka. Sijui alimaanisha nini.

Alhamisi, 19 Machi

USHINDI!

Leo ilikuwa siku ya kupima mara ya pili. Nilikuwa nimesharudisha mizani Bugembe. Msimu wa kahawa umeanza, Hajati anaihitaji ile ya mlangoni kutwa nzima, kwa hiyo alinipa ile ya ndani. Mizani ni mizani.

Akoth: 58! Wengine wote wameongezeka kilo nne, tano! Baada ya mayai kumi tu! Mimi mwenyewe nimetoka 56 hadi 60, na sijala hata yai moja, nimenusa tu. Nguvu ya mpango huu inatisha.

Nikamwita Nambozo naye, ingawa hayumo kwenye timu, kwa ajili ya kumbukumbu. Aliingia kwenye gunia bila kucheka. Kilo 50! Kutoka 47!

Nilikimbia mpaka ofisini. Nilimwambia Bwana Kirunda kwamba msichana huyu ni mfano hai, kwamba tukienda Mbale bila yeye watu hawataamini, kwamba takwimu zinamtaka kwenye lori. Nilisema mengi. Sauti ilinitetemeka, nadhani kwa ajili ya takwimu. Bwana Kirunda alisoma karatasi yangu mara mbili. Akasema haya, apande.

Nilimpelekea kitambaa chake mimi mwenyewe. Hapo alilia.

Romano hakuweza kunyamaza. Alileta gunia la unga, jipya, limeshonwa, limeandikwa kilo 50. Akalitundika kwenye mizani. Ikasoma 55. Akasema kila mkulima kutoka hapa hadi Mbale anajua: mfanyabiashara ana mizani nyepesi ya kununua na nzito ya kuuza. Nikamweleza kwamba unga hunyonya unyevu, hasa karibu na ziwa. Alinitazama, akabeba gunia lake, akaenda.

Jumamosi, 21 Machi

Mbale na kurudi. Naandika nikiwa nimechoka sana.

Lori liliondoka alfajiri. Nambozo alikaa juu ya gurudumu la akiba, sanduku la bati magotini. Mayai kumi sasa. Kwenye kila shimo la barabara alilinyanyua sanduku kidogo. Usoni mwake kulikuwa na swali moja tu, na kila mmoja wetu alilijua.

Kabla ya kufika Mbale, kizuizi. Askari watano. Wasichana wakainamisha vichwa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke, wenzake wakimwita Afande Night. Aliuliza kwa Kiswahili sisi ni nani. Hakuna aliyejibu. Basi nikajibu mimi. Kwa mara ya kwanza Kiswahili changu kilikuwa na kazi. Nilieleza netiboli, nikaeleza lishe, nikaeleza umuhimu wa protini. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akaelekeza kidole kwenye sanduku. Lifunguliwe.

Aliyaangalia mayai. Akasema watu wake hawajala tangu jana. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Akaomba sita.

Niliona mikono ya Nambozo ikishika ukingo wa sanduku. Hakuitoa.

Sijui kilichonipata. Nilisema: "Afande, hayo hayaliki. Ni ya zamani, tazama tarehe." Nikachukua furushi langu la safari, mihogo yote, chapati zote nne na paja la kuku nililolipata kwa Mama Janepher, nikampa. Alisoma tarehe kwenye mayai. Aliangalia furushi. Aliniangalia mimi, toka kichwani mpaka kwenye mkanda. Akachukua mihogo na chapati, akanirudishia paja. "Mzee, na wewe kula," akasema. Kamba ikashushwa.

(Kwa kumbukumbu: nilifanya hivyo kulinda sampuli za utafiti.)

Uwanjani Mbale tulisubiri. Watu wengi. Nambozo alisimama kwenye mstari, anatazama uso kwa uso. Mechi ikaanza, bado. Robo ya kwanza, bado. Alikuwa anarusha mpira huku anatazama watu. Katika robo ya tatu mwanamke mmoja mwembamba alitokea upande wa barabara, anatembea haraka, kiatu kimoja mkononi. Mtu sokoni alikuwa amemwambia kuna wasichana kutoka Jinja. Jina lake Mariat. Nambozo aliachia mpira ukaenda wenyewe, akavuka mstari. Refa alipuliza filimbi. Hakuna aliyemsikia.

Mama hakumkumbatia kwanza. Alimshika mkono, akazungusha vidole kwenye kifundo. Ndipo akaanza kulia kwa sauti. Sijui watu hawa wana nini na vifundo vya mikono.

Mayai alipewa yote kumi. Mama alizihesabu tarehe, akamtazama binti, akaelewa. Hata yeye hatayala.

Tumeshindwa 19 kwa 11. Nimechunguza sababu njiani. Ni wazi: wasichana wetu wamenenepa mno. Kilo tano kwa siku kumi humfanya mtu awe mzito wa kugeuka.

Jumanne, 21 Aprili

Nimethibitishwa kazini! Barua iko mbele yangu. Mtunza Stoo ya Michezo na Mshauri wa Lishe. Bwana Kirunda aliambatanisha takwimu zangu na ripoti ya mwaka. Alisema mechi si kitu, tarakimu ndizo zinazosomwa Kampala. Wasichana wamerudishiwa posho yao ya jioni kwa ajili ya kupunguza uzito.

Nambozo amepata barua kutoka kwa mamake, ya kwanza. Alikuja kunisomea stooni, anatafsiri kutoka Kigisu. Mayai yaliwekwa chini ya kuku wa jirani. Sita yameanguliwa. Mmoja ana madoa, wamempa jina langu. Nilicheka, kisha ikabidi nigeuke kupanga mipira.

Nimetafakari sana juu ya mwezi huu, na nimejifunza mengi. Kwanza, mayai yanafaa. Pili, mizani ya ndani ya Hajati ndiyo sahihi, ya mlangoni ina kasoro. Nimemwomba ile ya ndani kwa mpango mpya. Muhula ujao ni zamu ya wavulana wa mpira wa miguu. Wataacha posho ya jioni na maharage pia. Kila mmoja atapata samaki mmoja. Kuna wawili wamekuja kunong'ona kwamba samaki huyo ni mwiko wa ukoo wao. Nimewaambia ni 1987.

Mkanda umehitaji tundu jingine. Nitamwona fundi viatu wa Nalufenya anipe ngozi ya maana.

Jambo la mwisho. Tangu tulipotoka Mbale, kila jioni nakuta kitu kwenye kizingiti cha stoo. Jani la mgomba, limefungwa vizuri, bado la moto. Ndani ukoko wa posho na maharage juu. Bila shaka ni wanafunzi, wanaushukuru ushauri wangu. Leo nimekula wote, nimelamba jani. Ulikuwa mtamu hata nikamkumbuka mama.

Kisha nimekaa nikamwandikia Bwana Kirunda. Kuna mtu jikoni anatoa ukoko nje ya utaratibu. Nimeomba achunguzwe.